Barua ya Kwenda Ng'ambo ya Mto

Katika bonde la Kilombero mtoto hangoji kwenda shule ndipo ajifunze neno "mpunga". Hulijua kabla ya kujua kuhesabu. Mama akimwambia, "Lete mpunga," huleta ule wenye maganda. Akimwambia, "Lete mchele," huleta ule uliokwisha kutwangwa. Na akisikia kwamba wali u tayari, hunawa mikono. Zao ni moja na majina ni matatu, wala hakuna mtu wa Kiberege, au wa Mang'ula, au wa Ifakara, awezaye kuyachanganya. Tena yako na mengine: suke, makapi, pumba, chenga. Mtu akisema, "Jana nilikula mpunga," watu watacheka, maana walao mpunga ni kuku.

Basi ni ajabu kwamba mtoto yule yule, ambaye kinywani mwake kila neno lina mahali pake, akishika kalamu husahau ustadi wake wote. Huandika "vitu" mahali pa majembe, na "watu wengi" mahali pa watu saba, na "siku chache zilizopita" mahali pa Jumanne. Hudhani ya kuwa kuandika ni kazi nyingine kabisa, yenye maneno yake makubwa makubwa, na kwamba barua ndefu ndiyo barua nzuri. Habari ifuatayo ni mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili, lakini barua za namna hiyo zimeandikwa nyingi, na nyingine zimewaletea watu hasara.

Zilikuwa siku za kabla ya simu za mkononi. Daraja la mto wa Kilombero, lenye urefu wa mita 384, ambalo lilifunguliwa rasmi mwaka 2018, lilikuwa halijajengwa, na mtu atokaye Ifakara kwenda Lupiro au Mahenge alivuka kwa kivuko. Mto huo si kijito. Hupokea maji ya Mnyera na Ruhudji na Mpanga, na ya mito mingi ishukayo kutoka milima ya Udzungwa. Ndipo huenda kukutana na Luwegu, na kutoka hapo jina lake huwa Rufiji. Masika ikikaza, maji hupanda kingo na kuenea bondeni, na pale palipokuwa na njia jana, leo hupita mtumbwi.

Katika nyumba moja ya Kiberege alikaa binti wa darasa la sita pamoja na wazazi wake. Kaka yake alifanya kazi Lupiro, ng'ambo ya mto. Katika mwezi wa Aprili, siku ya Jumanne, baba yake alikwenda pamoja na mjomba kukata nguzo, shoka likateleza likampata mguuni. Akapelekwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, na mama akafuatana naye ili amwuguze. Alhamisi mama akarudi nyumbani kuchukua unga na sufuria, naye alikuwa hana budi kuondoka tena kesho yake alfajiri kwa lori. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika. Akamwita binti yake, akamwambia, "Mwanangu, mwandikie kaka yako. Barua nitaichukua mimi mpaka kivukoni, nimpe dereva aendaye Mahenge, aiache Lupiro." Akamweleza habari yote, kisha akaenda jikoni.

Binti akawasha kibatari, akaandika hivi:

"Kwa Kaka yangu mpendwa sana,

Salamu nyingi sana zisizo na idadi, nyingi kama mchanga wa bahari na kama nyota za mbinguni. Baada ya salamu hizo natumaini ya kuwa wewe u mzima wa afya njema kama na sisi huku nyumbani sote tulivyo wazima wa afya njema. Ama baada ya hayo, dhumuni kubwa la mimi kukuandikia wewe barua hii siku ya leo ni kutaka kukujulisha habari za huku nyumbani ambazo ni kama hizi zifuatazo hapa chini. Huku nyumbani mvua nyingi sana ya ajabu imenyesha na maji yamekuwa mengi kama bahari hata twashangaa. Tena siku chache zilizopita Baba alikwenda pamoja na Mjomba msituni, na katika wakati ule ambao walikuwa wakikata miti akajikata mguu wake kwa shoka, akaumia vibaya sana, akarudi tena nyumbani akitembea kwa shida kwa kuwa mguu mmoja ulimwuma. Sasa yuko hospitali na Mama yuko naye. Mpunga wetu nao uko katika hali mbaya kwa sababu ya kwamba ndege ni wengi sana na watu wa kulinda hakuna. Kwa hiyo Mama asema ufanye kila jitihada uje upesi sana. Sina mengi ya kusema, ila wasalimu wote wanaonifahamu. Wino umekwisha lakini maneno hayajesha. Ni mimi mdogo wako nikupendaye."

Alipomaliza aliitazama kazi yake akapendezwa, maana ilijaza ukurasa mzima. Ila bahasha hakuwa nayo. Nyumba ya mwalimu ilikuwa karibu, akaenda kuomba moja. Mwalimu akampa bahasha, naye kwa idhini yake akaisoma barua, akaisoma mara ya pili, kisha akauliza, "Binti yangu, kaka yako akiisha kuisoma barua hii, atafanya nini?"

"Atakuja, Mwalimu."

"Atakuja wapi? Hapa Kiberege au hospitali?"

Binti akasita. "Hapa. Mama ataka aje kulinda ndege."

"Aje lini?"

"Kabla mto haujajaa kabisa, maana kivuko kikisimama hataweza kuvuka."

"Akae siku ngapi?"

"Mpaka tuvune. Yapata mwezi mmoja."

"Hayo yote ni maneno ya maana sana," mwalimu akasema, "wala hata moja halimo katika barua."

Binti akaitwaa karatasi akaitazama upya. Ni kweli. Alikuwa ameandika juu ya mchanga, na nyota, na wino uliokwisha, na wino wenyewe ulikuwa haukwisha. Chupa ilikuwa nusu. Lakini neno "kivuko" hakuliandika hata mara moja.

Wakaanza na salamu. Hapa yapasa kwenda kwa uangalifu, maana salamu si takataka za kufagiliwa. Barua za Kiswahili zilizo za zamani kabisa katika zile zijulikanazo ziliandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa herufi za Kiarabu, nazo zimehifadhiwa Goa katika Bara Hindi. Hata hizo zina salamu kabla ya habari. Mtu mwenye adabu hamwendei mwenzake na shauri kabla ya kumjulia hali, na barua ni kama mgeni abishaye hodi. Walakini salamu ina kazi yake, nayo ndiyo hiyo ya kumjulia mtu hali. Salamu zisizo na idadi, zilizo nyingi kama mchanga, hazimjulii mtu hali. Zimenakiliwa tu katika barua nyingine, na barua hiyo nayo ilinakili katika nyingine. Na ubaya wake mkubwa u hapa: binti aliandika kwamba wote nyumbani ni wazima wa afya njema, kisha baada ya mistari michache akaandika kwamba baba yuko hospitali. Hakukusudia kusema uwongo. Mkono wake uliandika yale uliyoyazoea, na maneno yaliyozoewa hayamwulizi mtu kama ni ya kweli.

Jambo la pili lilikuwa ile bahari.

"Umepata kuiona bahari?" mwalimu akauliza.

"La, Mwalimu."

"Na kaka yako je?"

"Naye hajapata kuiona."

Basi mtu asiyeijua bahari alikuwa akimwambia mwingine asiyeijua kwamba maji ya Kiberege ni mengi kama bahari, na wote wawili hawakujua zaidi ya walivyojua kwanza. Mtoto wa Pangani au wa Kilwa akiandika hivyo ana haki zaidi, ingawa hata yeye afadhali atafute lake, kwa kuwa msemo huo umechoka kwa kutumiwa. Wako na watoto waandikao "nyeupe kama theluji", nao theluji hawajaiona ila katika picha, na asubuhi ile ile wamepita karibu na yangeyange waliotua shambani, weupe kuliko nguo yo yote ya kanisani.

"Wewe mwenyewe ulijuaje ya kuwa maji yamepanda?" mwalimu akauliza tena.

Binti akafikiri. Katika shamba la bondeni palikuwa na dungu, yaani kile kibanda kilicho juu ya nguzo, akaamo mlinzi wa ndege. Ngazi yake ilikuwa na vidato sita. (Neno hili "kidato" ndilo lile lile litumiwalo kwa madarasa ya sekondari, kwanza lilikuwa la ngazi.) Jumatano jioni maji yalikuwa chini ya kidato cha kwanza. Alhamisi, alipokwenda kufukuza ndege baada ya masomo, kidato cha kwanza kilikuwa hakionekani, na cha pili kilikuwa kimelowa.

"Hilo ndilo la kuandika," mwalimu akasema. "Nani aliijenga ngazi hiyo?"

"Kaka mwenyewe."

"Basi atajua."

Wanafunzi waangalie neno hili. Vidato viwili vya dungu havimwambii mtu wa Dar es Salaam kitu cho chote, na kama barua ingalikuwa ya kwenda huko ingalifaa kusema maji yafika gotini. Lakini kaka aliikata miti ya ngazi ile kwa mkono wake, naye ajua kila kidato ki juu kiasi gani. Neno lililo sawasawa si sawasawa kwa watu wote. Ni sawasawa kwa yule atakayelisoma.

Kisha wakafika penye ajali. "Baba alikwenda pamoja na Mjomba msituni, na katika wakati ule ambao walikuwa wakikata miti akajikata mguu wake." Nani alijikata? Binti alijua, kwa hiyo hakuona shida. Katika Kiswahili kiambishi kimoja, "a-", hutumika kwa baba na kwa mjomba, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Ni jambo zuri katika lugha, maana huokoa maneno. Lakini penye watu wawili huwa mtego. "Sasa yuko hospitali": ni yupi? Kaka angaliweza kuvuka mto, akafika Ifakara, akauliza habari za mjomba. Mahali kama hapa kupunguza maneno hakufai. Sharti ama neno liongezwe au mtu mmoja aondoke katika habari. Mjomba alikuwa mzima nyumbani kwake, wala hakuna alichotakiwa kufanya. Akaondolewa.

"Akarudi tena nyumbani akitembea kwa shida kwa kuwa mguu mmoja ulimwuma." Mwalimu akauliza kama hakuna neno moja la haya yote. Binti akasema mara, "Akichechemea." Hivyo ndivyo kilivyo Kiswahili: kina kitenzi karibu kwa kila mwendo wa mtu. Atembeaye polepole asije akasikiwa hunyata. Asemaye kwa sauti ndogo sikioni mwa mwenzake hunong'ona. Ashindwaye kuinua miguu kwa uchovu hujikokota. Mtu asiyelitafuta neno hilo huchukua kitenzi kikubwa kisicho na sura, kama "kwenda" au "kufanya", akakirundikia maneno ya kukisaidia, kama mtu afungaye mzigo kwa kamba kumi fupi kwa kuwa hakwenda kutafuta ndefu moja. Binti alilipenda sana neno lake "akichechemea", akaliandika kwa herufi kubwa juu ya mstari. Baada ya kitambo akalifuta. Kaka hakuwa na haja ya kujua baba alivyorudi nyumbani Jumanne. Alihitaji kujua yuko wapi sasa. Kufuta neno baya ni kazi rahisi. Kufuta neno zuri lisilohitajiwa ni kazi ya mwandishi.

Mengine yalikwisha upesi. "Akarudi tena" ni "akarudi", kama vile "panda juu" ni "panda" na "shuka chini" ni "shuka". Katika mazungumzo watu husema hivyo wala hapana ubaya, lakini katika maandishi neno la pili halina kazi. "Kukuandikia wewe" ni "kukuandikia", kwa kuwa "wewe" yumo tayari ndani ya kitenzi. "Katika wakati ule ambao walikuwa wakikata" ni "walipokuwa wakikata". Mtu akitazama neno kama "nitakapomwona", ataona ya kwamba ndani yake mna mtendaji, na wakati ujao, na saa ya tendo, na mtendewa, na tendo lenyewe. Lugha nyingine zahitaji maneno manne au matano. Mwandishi wa Kiswahili aliyepewa kitenzi cha namna hiyo, naye akaandika "katika wakati ule ambao mimi nitamwona yeye", amefanana na mtu mwenye mtumbwi aamuaye kuogelea.

Sasa binti aliona kwamba amelielewa somo, akachukua karatasi nyingine, akaandika maneno matatu tu: "Baba mgonjwa. Njoo."

Mwalimu akatikisa kichwa. Akamweleza habari za telegramu, ambayo watu wa zamani waliiita simu, kwa ajili ya nyaya zake. Bei yake ilihesabiwa kwa maneno, basi kila mtu aliyekwenda posta alihesabu maneno yake kama ahesabuvyo senti. Ni shule nzuri ya ufupi. Lakini mtu aliyepokea "Baba mgonjwa njoo" alifanya nini? Alidhani baba anakufa. Aliacha kazi bila kuaga, akakopa fedha za safari, akafika usiku na moyo ukimdunda, akamkuta baba ameketi kitandani anakula uji. Pengine ni kinyume: alidhani ni homa ya kawaida, akangoja mwisho wa mwezi. Maneno yalikuwa machache, na machache hayo yalimpoteza. Akiba ya senti thelathini iliweza kumgharimu mtu mshahara wa mwezi.

"Usihesabu maneno," mwalimu akamwambia. "Kwa kila neno jiulize: nikilitoa, kaka atapungukiwa na nini? Kama hatapungukiwa, litoke. Kama atapungukiwa, likae, hata barua ikirefuka."

Karatasi ya kwanza ilikuwa imejaa mistari ya kufuta, na binti aliona haya kwa uchafu wake. Haya hiyo haina sababu. Kila kitabu cha shule kilipita njia hiyo kabla ya kupigwa chapa. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Na mwaka 1930 ikaanza kazi ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kazi mojawapo ya kamati hiyo ilikuwa kuisoma miswada ya vitabu vya shule, kusawazisha tahajia, na kurudisha yale yaliyohitaji kusahihishwa. Waandishi waliorudishiwa kazi zao hawakuwa watoto. Wengine walikuwa watu wazima wenye elimu kubwa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya kamati hiyo, iliyojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, ilitoka mwaka 1939, na Johnson, aliyeifanyia kazi kwa miaka, hakuwahi kuiona, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufariki. Kazi ya kamati hatimaye iliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kutoka huko ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Katika kamusi hizo kuna kazi nyingi ya namna ile ile aliyokuwa akiifanya binti kwa mwanga wa kibatari: kulishika neno moja, kuuliza maana yake hasa ni nini, na kama mahali hapa ndipo pake.

Akarudi nyumbani, akaandika upya. Mambo mawili hakuyajua, akaenda jikoni kuyauliza: mguu upi, na daktari amesemaje. Hapo ndipo alipoona ya kuwa maneno kama "vibaya sana" huandikwa mara nyingi na mtu asiyeuliza. Mama akajibu, mguu wa kushoto, chini ya kifundo, mfupa mzima, asikanyage kwa majuma matatu.

Alipokwisha akamsomea mama kwa sauti. Mama alisikiliza mwiko ukiwa mkononi. Asiyejua kusoma si hakimu mbaya wa maandishi, maana hadanganywi na mwandiko. Husikia maneno peke yake. Binti alikuwa ameweka habari ya mfupa mwishoni. Mama akamkatiza: "Aliposikia shoka, wewe ukaenda kumweleza mambo ya mpunga! Mwambie kwanza mfupa haukuvunjika, apate kupumua." Neno likahamishwa. Kisha akauliza, "Na wifi yako humsalimu?" Salamu ikaongezwa. Mwisho akasema, "Alete kombeo lake. Lile la hapa limekatika." Hilo mwalimu hangaliweza kulijua, wala hakuna kanuni ya uandishi ambayo ingalilileta.

Barua iliyotiwa katika bahasha ilikuwa hii:

"Kiberege, Alhamisi usiku.

Kaka mpenzi,

Salamu kwako na kwa Wifi. Jumanne Baba alijikata mguu wa kushoto kwa shoka. Mfupa haukuvunjika. Amelazwa Ifakara na Mama anamwuguza. Daktari asema asikanyage kwa majuma matatu. Mpunga wa bondeni umeanza kutia maziwa, na nikiwa shuleni dunguni hamna mtu. Njoo ulinde mpaka tuvune, yapata mwezi mmoja. Vuka kabla ya Jumapili: jana maji yalikuwa chini ya kidato cha kwanza cha dungu, na leo yamelowesha cha pili. Lete kombeo lako, la hapa limekatika. Ukipita Ifakara mwone Baba kwanza.

Mdogo wako."

Katika barua hii yako mambo ambayo mtu wa mbali hatayaelewa. Mpunga kutia maziwa ni wakati ule ambapo punje bado ni laini, na ukiibonyeza kwa kucha hutoka maji meupe. Ndipo kwelea huupenda kuliko wakati wo wote, na kundi moja likishuka alfajiri, jioni huona masuke yamesimama wima, mepesi, hayana kitu. Binti hakulieleza jambo hilo. Mkulima wa Kilombero akisoma maneno mawili "kutia maziwa", ajua amebakiwa na siku ngapi. Na kama angaliandika, kama kwanza, "mpunga uko katika hali mbaya", kaka angaliweza kudhani ni maji, au magugu, au nguruwe, akaja na jembe mahali pa kombeo.

Alfajiri lori likapiga honi njiani. Mama akaifunga barua katika pindo la kanga yake, akapanda, na binti akashuka bondeni kwenda kukaa dunguni mpaka kengele ya shule.

Mazoezi

1. Tafuteni neno moja litakaloshika mahali pa haya: alitazama kwa siri katika tundu la mlango, alipumua kwa nguvu baada ya kukimbia, alilala usingizi mwepesi akiwa ameketi.

2. "Mjomba alimwambia Baba kwamba mbuzi wake amepotea." Andikeni sentensi hii mara mbili: kwanza mbuzi awe wa Mjomba, kisha awe wa Baba.

3. Tazameni jambo moja lililobadilika tangu jana karibu na nyumbani kwenu: mto, shamba, njia au paa. Liandikeni kwa sentensi tatu, kwa ajili ya ndugu apajuaye mahali hapo. Kisha liandikeni tena kwa mtu asiyepata kufika. Angalieni ni maneno gani yaliyowalazimu kubadilika.

4. Mwandikieni mtu aliye mbali barua ya kumtaka afanye jambo moja. Msomeeni mtu wa nyumbani kwa sauti, na kumwuliza atafanya nini akiipokea. Asipoweza kujibu, andikeni upya.